Habib Swaleh, Mwalimu wa Lamu

Habib Swaleh bin Alwi Jamalilil alifundisha watu wa Lamu kwa takriban nusu karne, akafariki mwaka 1935 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Sifa yake haikutokana na ukadhi wala uliwali, wala na mashamba na majahazi. Ilitokana na mkeka wa chuo: nani aliruhusiwa kuukalia, alisomeshwa nini na kwa njia gani. Hadi leo, kila mwaka katika mwezi wa Mfungo Sita, maelfu ya watu huvuka maji kuingia katika mji huo mdogo wa kaskazini mwa pwani ya Kenya ili kuhudhuria Maulidi aliyoyaanzisha yeye. Ni walimu wachache wa Afrika Mashariki, wawe wa chuoni au wa skuli, ambao mji mzima huwakumbuka hivyo.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Komoro. Jamalilil ni ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu. Kabla ya kufika Komoro, wahenga wake walipitia Pate, kisiwa kilicho jirani kabisa na Lamu. Alipowasili Lamu akiwa kijana, katika robo ya mwisho ya karne hiyo, alikuwa anarudi kwenye maji ambayo ukoo wake uliyafahamu zamani. Wakati huo Wangazija walikuwa wakisafiri sana kati ya visiwa vyao, Unguja, Mombasa na Lamu, wengine kwa biashara, wengine kwa kusaka elimu. Kijana Swaleh alikuwa pia na jamaa yake wa upande wa baba, Sayyid Ali bin Abdallah Jamalilil, aliyekwisha kuweka makazi mjini humo. Hivyo alikuwa na mlango wa kubisha. Lakini hakuwa na mali, na kwa macho ya wenye mji alikuwa mtu wa kuja.

Jambo hilo lilikuwa na uzito Lamu kuliko mahali pengi. Mji ule ulijijua. Kaskazini yake, Mkomani, zilisimama nyumba za mawe za ghorofa, zenye madaka yaliyonakshiwa kwa chokaa na milango ya mbao iliyochongwa, na ndani yake ziliishi koo za waungwana waliohesabu nasaba zao vizazi kwa vizazi. Kusini, Langoni, palikuwa na nyumba za udongo na makuti, na huko waliishi wageni, wavuvi, Wabajuni, Wahadhrami maskini, Wangazija, watumwa na walioachwa huru. Mtaa mkuu, Usita wa Mui, ulizipita pande zote mbili, lakini kuupita mtaa mmoja hakukuwafanya watu kuwa sawa. Ndoa, kiti cha barazani, mahali pa kusimama msikitini na hata namna ya kuvaa vilipimwa kwa nasaba.

Utumwa ndio uliobeba mpangilio huo. Mashamba ya bara mkabala na kisiwa yalilimwa na watumwa, na mavuno yake ndiyo yaliyojenga majumba ya mawe. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea. Katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi 1907. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miaka ya kwanza ya ualimu wa Habib Swaleh ilipita katika mji ambamo mtu aliweza kuwa mali ya mwenzake, na huku wote wawili wakiswali kuelekea kibla kimoja.

Elimu nayo ilikuwa na mipaka yake. Mtoto wa kiungwana alianza chuoni mapema. Alipewa ubao, mwalimu akamwandikia herufi kwa wino wa masizi, naye akazifuata moja moja kwa kijiti huku akizitamka kwa sauti. Akishazishika, ubao ulioshwa, ukaandikwa somo jipya. Kutoka herufi aliingia juzuu, kutoka juzuu moja akapanda nyingine, hadi siku ya kuhitimu Kurani yote, ambapo nyumbani kulifanywa karamu na mwalimu akapewa zawadi yake. Waliotaka kuendelea waliingia darsa za fiqhi ya madhehebu ya Shafi, nahau ya Kiarabu, tafsiri na hadithi. Ngazi hii ya pili ndiyo iliyokuwa na mlango mwembamba. Darsa zilifanywa na wanazuoni wa koo chache, mara nyingi ndani ya nyumba zao au katika misikiti yao, na aliyekaribishwa ni mtu wa nasaba inayojulikana. Mtumwa alifunzwa kiasi cha kumwezesha kuswali, na wengine hawakupata hata hicho. Watafiti walioandika juu ya Lamu ya zama hizo, akiwamo Peter Lienhardt mwaka 1959 na Abdul Hamid el-Zein katika kitabu chake cha mwaka 1974, wote wameliona hili kuwa kiini cha habari ya Habib Swaleh.

Yeye mwenyewe alisoma kwa bidii kabla ya kusomesha. Miongoni mwa waliomfundisha Lamu mkubwa wao alikuwa Sayyid Abubakar bin Abdurrahman, maarufu kwa jina la Sayyid Mansab, aliyeishi kutoka 1829 hadi 1922. Sayyid Mansab alikuwa mwanachuoni aliyesoma Arabuni, tena mshairi aliyetunga na kufasiri mambo ya dini kwa mashairi ya Kiswahili ili watu wa kawaida wayaelewe. Mtu akiitazama kazi ya mwalimu na ya mwanafunzi wake kwa pamoja ataona uzi mmoja. Mwalimu aliitoa elimu katika Kiarabu akaitia katika lugha ya nyumbani, na mwanafunzi akaitoa katika majumba ya mawe akaipeleka Langoni.

Zama hizo zilikuwa pia za vuguvugu kubwa la elimu katika bahari ya Hindi. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandraa huko Ngazija mwaka 1861, alikuwa akielekea kuwa kadhi mashuhuri wa Unguja. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, naye alihamia Unguja na darsa zake zikavuta wanafunzi kutoka pwani nzima. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Vitabu, barua na wanafunzi vilikwenda na kurudi kwa majahazi kati ya Hadhramaut, Lamu, Unguja na Komoro kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi. Lakini wenzake Habib Swaleh wengi walielekea Unguja, penye Sultani, mahakama na fedha. Yeye alibaki Lamu, mji uliokuwa unafifia. Reli kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa 1896 na kufika ziwa Victoria 1901, ilihamishia biashara upande wa kusini, na Lamu ikabaki na minazi yake, mikoko yake na majahazi yanayopungua. Aliyeamua kukaa hapo na kufundisha hakuwa na tamaa ya cheo.

Alikaa Langoni na kufundisha Langoni. Waliomjia ni wale ambao mji haukuwahesabu kuwa wanafunzi: watumwa na watoto wao, walioachwa huru, wavuvi wa Kibajuni, wageni kutoka Komoro, na baadaye watu wa bara waliosilimu, wakiwamo Wapokomo wa mto Tana. Hakuanza na kuuliza nasaba. Somo la sharifu huyu lilikuwa kwamba mapenzi ya Mtume ni mlango ulio wazi kwa kila mtu, na kwamba mtu hupandishwa daraja na elimu na uchamungu wake. Hakuna aya mpya hapo. Kila mwanachuoni wa Lamu aliyajua maneno hayo na aliyasema juu ya mimbari. Kipya kilikuwa kuyafanya, tena mbele za watu, kwa kumketisha mtumwa darsani na kumsomesha kitabu kilekile anachosomeshwa mtoto wa mwenyewe.

Wenye mji hawakulipokea jambo hilo kwa furaha. Waliona mgeni maskini, sharifu asiye na jumba, anawakusanya watu wa chini na kuwafanya wajione sawa na mabwana zao. Hesabu ya mashamba nayo ilikuwamo: anayejua kusoma sheria anajua pia haki zake. Masimulizi ya Lamu yanakumbuka miaka ya kusemwa na kutengwa. Habib Swaleh hakujibu kwa matusi wala kwa mashitaka, na kwa hili masimulizi yote ni mamoja. Aliendelea kusomesha. Upole huo ndio ambao hadi leo wazee wanapomtaja huutanguliza kabla ya elimu yake, na pengine ndio uliomwezesha kudumu katika mji ambamo ugomvi wa mitaa uliweza kurithiwa na wajukuu.

Chombo chake kikubwa cha kufundishia kilikuwa maulidi. Lamu ilikuwa tayari ikisoma maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, na yaliyosomwa kwa utulivu na waliojua Kiarabu. Habib Swaleh alileta maulidi mengine, yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun huko Hadhramaut, mwanachuoni aliyeishi kutoka 1843 hadi 1915 na ambaye aliwasiliana naye kwa barua. Maulidi ya al-Habshi husimulia kuzaliwa, sura na tabia za Mtume kwa nathari yenye mizani, na katikati ya vituo vya kusoma huingia kasida zinazoimbwa na wote. Lamu kasida hizo zilisindikizwa na matari.

Inafaa kuyatazama yanavyosomwa, kwa sababu ndipo ualimu wenyewe ulipo. Tari ni duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja. Hewa ya bahari huilegeza ngozi, kwa hiyo kabla ya kuanza wapigaji huyapasha moto matari yao, wakiyagonga kwa vidole na kuyasikiliza mpaka sauti ikaze. Kisha vijana wa kanzu nyeupe hupanga safu mbili zinazotazamana, magoti kwa magoti. Msomaji mmoja husoma kituo kwa Kiarabu, wengine wamenyamaza. Akimaliza, kasida inaanza kwa sauti ya chini, matari yanaingia, na safu zinayumba kwa pamoja, upande huu na upande ule, mikono na mabega yakifuata pigo. Panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume watu wote husimama. Marashi hunyunyizwa kutoka katika mrashi wa shingo ndefu, chetezo cha udi kikapitishwa. Mtoto wa miaka saba aliyeketi mwisho wa safu hajui bado nahau ya Kiarabu, lakini baada ya miezi ya kuimba ameshaijua sira ya Mtume kwa moyo. Ndivyo pia mvuvi wa miaka 40 ambaye hakuwahi kupewa ubao wa chuo alivyoweza kuwa na elimu yake mwenyewe, aliyoishika kwa sikio na kwa mwili. Mwalimu wa leo anayehangaika na watu wazima waliokosa shule ana la kujifunza hapo.

Kulikuwa na jambo jingine. Ngoma ilikuwa ndiyo heshima ya watu wa chini Lamu, na waungwana waliidharau kwa kuwa ni yao. Habib Swaleh hakuwataka wanafunzi wake waache kila walichokuwa nacho ndipo waingie msikitini. Aliwaachia pigo lao na akalitia maneno mengine. Wapinzani walisema kwamba kupiga tari msikitini ni kuchafua mahali pa ibada. Upande wake ulijibu kwamba tari lilipigwa kumlaki Mtume alipoingia Madina, na kwamba kinachohukumiwa ni nia na maneno yanayoimbwa. Mjadala huo wa fiqhi ulikuwa wa kweli, na wenye elimu walisimama pande zote mbili. Lakini nyuma yake ulikuwapo mjadala wa nani ana haki ya kusikika ndani ya msikiti.

Kadiri wanafunzi walivyoongezeka, chuo cha nyumbani hakikutosha. Mnamo 1900 hivi ulisimama Msikiti wa Riyadha, upande wa Langoni, pembezoni mwa mji. Jina lake linafuata Msikiti wa Riyadh wa Seiyun, ambako Habib Ali al-Habshi alikuwa amejenga ribati, yaani msikiti wenye makazi ya wanafunzi. Mfano huo ndio alioufuata Habib Swaleh. Riyadha haukuwa msikiti wa kuswalia tu. Ulikuwa chuo cha bweni: wanafunzi walikuja kutoka mbali, wakalala hapo, wakala hapo, wakasoma bila kutozwa ada. Gharama zilibebwa na wakfu, sadaka na kazi za mikono za wanafunzi wenyewe.

Masomo yalikwenda kwa ngazi zilizojulikana pwani yote. Anayeanza fiqhi alisomeshwa Safinatu Najaa, kitabu kidogo cha Salim bin Sumeir, Mhadhrami wa karne ya 19, kinachoeleza tohara, swala, zaka na saumu kwa maneno machache yanayohifadhika. Nahau ilianza na Ajurumia, ikaendelea mpaka Alfia ya Ibn Malik, yenye beti elfu moja. Waliofika mbali walisoma Minhaji ya Imamu Nawawi, ambayo ndiyo iliyotegemewa na makadhi wa Kishafi. Mwalimu husoma sentensi ya Kiarabu, huitafsiri kwa Kiswahili, huifafanua, kisha mwanafunzi hurudia. Aliyemaliza kitabu alipewa ijaza, ruhusa ya kukifundisha, yenye silsila ya walimu kutoka kwake hadi kwa mtunzi. Kwa mtoto wa mtumwa ijaza ilikuwa nasaba ya namna nyingine. Hakuweza kuwataja mababu zake saba, lakini aliweza kuwataja walimu wake mmoja baada ya mwingine hadi Hadhramaut na Makka.

Nje ya darsa watu walimjua pia kuwa tabibu. Wagonjwa walimwendea kwa dawa za miti, kwa kombe na kwa dua, kama ilivyokuwa kawaida kwa wanazuoni wa pwani, na wengi wanamhesabu kuwa walii na kusimulia karama zake. Simulizi hizo ni sehemu ya mapenzi ya watu kwake na zinastahili heshima yake. Hata hivyo, kwa anayetaka kuelewa kwa nini alipendwa, mambo ya kawaida yanatosha. Alikuwa mtu ambaye maskini aliweza kumgongea mlango.

Sheria ya 1907 ilibadilisha mizani ya mji. Waungwana walipoteza watumwa, mashamba mengi yakawa vichaka, na familia kadhaa zilizokuwa na fahari zikaanza kuuza samani na vyombo vya kaure. Walioachwa huru walihitaji mahali pa kujihesabu kuwa watu kamili wa Lamu. Skuli za serikali hazikuwafikia, na vyama vya siasa havikuwapo. Riyadha ilikuwapo. Ndani yake mtu aliweza kuwa msomaji wa maulidi, mwadhini, mpigaji tari mwenye sifa, au mwalimu. Polepole hata wale waliokuwa wameupa mgongo msikiti wa Langoni walianza kuja, kwanza watoto wao, kisha wao wenyewe, na baadhi ya koo za Mkomani zikawa wafadhili wa Maulidi. Habib Swaleh aliishi miaka mingi kiasi cha kuyaona hayo kwa macho yake. Hapa ndipo urefu wa umri ulipokuwa na faida isiyopatikana kwa njia nyingine: mwalimu aliwapita kwa umri wengi wa wapinzani wake, na waliokuwa watoto katika mwanzo wa ugomvi walizeeka wakiwa wanafunzi wake.

Wanafunzi wa Riyadha walitawanyika. Desturi ilikuwa kwamba aliyesoma anakwenda kufundisha pasipo na mwalimu, na wengi walifanya hivyo katika vijiji vya visiwa vya Lamu, katika bonde la mto Tana, Malindi na Mombasa, Tanganyika, Uganda na Komoro. Walifungua vyuo vidogo vya makuti, wakasomesha kwa vitabu vilevile, na usiku wa kuamkia Ijumaa wakapiga matari kwa mapigo waliyoyapata Lamu. Maulidi ya al-Habshi yanayosikika leo katika miji mingi ya Afrika Mashariki yamepitia, kwa kiasi kikubwa, katika safu zile mbili za Langoni.

Alipofariki mwaka 1935 alizikwa Lamu, na uongozi wa Riyadha ukabaki katika kizazi chake, akiwamo mwanawe Sayyid Ahmad Badawy, ambaye watu wa Lamu humtaja kwa jina la Sharifu Badawy. Familia imeushika msikiti na chuo tangu hapo. Kumbukumbu ya mwalimu haikuundiwa sanamu wala jengo jipya. Iliachwa ndani ya kazi yenyewe: darsa ziliendelea, na Maulidi ya mwaka yakakua.

Leo Maulidi ya Lamu huangukia siku za mwisho za Mfungo Sita na huchukua karibu wiki nzima. Wageni hutoka Mombasa, Unguja, Tanga, Dar es Salaam, Komoro, Uganda na nchi za Ghuba. Wengi hushuka basi Mokowe, bara, wakavuka kwa mashua hadi gatini. Nyumba za mji huwapokea bila malipo, wengine hulala msikitini au katika madrasa, na masufuria ya pilau hupikwa kwa ajili ya yeyote atakayekaa chini kula. Mchana kuna mashindano ya majahazi, ya kuogelea, ya bao na ya mbio za punda, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yamekuwa yakiyasaidia. Vijana hucheza kirumbizi, mchezo wa fimbo, katika uwanja ulio mbele ya Riyadha. Usiku ni wa kusoma. Siku ya ziara watu hulizuru kaburi la Habib Swaleh, kisha zefe hupita mjini, wanafunzi wa madrasa moja baada ya nyingine wakiwa na bendera na matari, hadi mbele ya msikiti.

Si Waislamu wote wanaoyakubali Maulidi haya. Tangu enzi za uhai wa Habib Swaleh, wanazuoni wenye mwelekeo wa marekebisho walitaka dini isafishwe na bidaa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeishi kutoka 1891 hadi 1947, aliandika dhidi ya ziara za makaburi na gharama za bure katika sherehe. Hoja hizo zimeendelea, na sasa zinasikika Lamu kwenyewe, misikitini na katika redio. Wapo pia wanaosema kwamba mashindano na watalii vimeifunika ibada. Viongozi wa Riyadha hujibu kwa kuzitenga shughuli: michezo ni ya pwani na barazani, msikitini ni maulidi na darsa. Kinachosahauliwa mara nyingi katika mabishano haya ni kwamba wiki hiyo ndiyo pia wakati ambapo walimu wa madrasa za mbali hukutana, wanafunzi wapya huletwa na wazazi wao, na michango ya mwaka wa masomo hukusanywa. Kuyaondoa Maulidi ni kuondoa pia sehemu ya riziki ya chuo.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na miongoni mwa yaliyotajwa ni nafasi yake kama kitovu cha elimu ya Kiislamu na ya utamaduni wa Waswahili. Kwa kawaida picha zinazochapishwa ni za nyumba za mawe za Mkomani. Lakini elimu iliyoipa Lamu jina katika karne ya 20 ilitoka kwa wingi upande wa pili, penye mchanga na makuti.

Riyadha ina hazina nyingine ambayo wageni wachache huiona, nayo ni maktaba yake ya miswada. Humo mna vitabu vya fiqhi, nahau, tasawufi na mashairi vilivyonakiliwa kwa mkono, vingine Lamu kwenyewe, vingine kutoka Hadhramaut, na kadhaa vina alama za wakfu zinazoeleza kwamba viliwekwa kwa ajili ya wanafunzi na visiuzwe. Mchwa, unyevu na chumvi ya bahari vilikuwa vimeanza kuvila. Katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010, mtafiti Anne Bang akishirikiana na walimu na wanafunzi wa Riyadha walivipiga picha za kidijitali ukurasa kwa ukurasa, chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Vitabu vyenyewe vilibaki Langoni, katika mikono ya msikiti, na picha zake zikafunguliwa kwa yeyote mwenye intaneti. Pembezoni mwa kurasa kuna maandishi madogo ya wasomaji: tafsiri ya neno gumu, tarehe ya siku somo lilipokamilika, jina la mwalimu aliyelisomesha.